Naomba ushauri: Nina miaka 38, nafikiria kuacha uhasibu nikasomee udereva wa treni

Hesabu_Zangu

Habari zenu wanajamvi. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na leo nimeona nifungue uzi kwa sababu jambo linalonikabili ni zito, na watu wanaonizunguka wanalichukulia kama mzaha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Taaluma yangu ni uhasibu. Kazi niliyonayo ina mshahara wa uhakika, ila sehemu kubwa ya yale niliyokuwa nikiyafanya mwenyewe sasa hufanywa na programu, nami nimebaki kukagua kile ambacho programu imekwisha kukikagua. Sijafukuzwa wala sijagombana na mtu. Ninachokitamani ni kazi ambayo zamu ikiisha kuna jambo lililokamilika na linaloonekana kwa macho, na kwa muda sasa moyo wangu umeelekea kwenye reli. Kampuni moja imetangaza nafasi za madereva wanafunzi. Haidai uzoefu wowote wa reli, bali elimu ya sekondari, afya njema na kufaulu majaribio yao.

Naomba mnisaidie kwanza kuhusu umri: je, nitakuwa mzigo darasani kati ya vijana wa miaka 22? Pili, niache kazi wakati gani ili nisije nikabaki mikono mitupu? Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, nitajuaje kama tabia yangu inafaa kwa kazi hii kabla sijaingia humo na familia yangu yote? Gari ninaendesha vizuri, lakini nahisi hilo halitoshi kuwa kigezo.

Naomba kuwasilisha.

Kichwa_cha_Umeme

Dada Hesabu, karibu sana. Nami niliingia kwenye reli nikitokea ualimu, kwa hiyo nitakujibu kwa mapana kidogo.

Umri usikutishe, ila soma masharti ya mwajiri kwa makini, kwa sababu yako mashirika yanayoweka ukomo wa umri wa kuajiriwa, na hapo hakuna mjadala. Pasipo na ukomo wa namna hiyo, kinachoangaliwa ni afya. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, una sheria ya mwaka 2007 kuhusu vyeti vya madereva wa treni: leseni hudumu miaka 10, uchunguzi wa afya hufanyika angalau kila miaka mitatu hadi dereva afikishe miaka 55, na baada ya hapo kila mwaka. Maana yake ni kwamba dereva wa miaka 56 ni mtu wa kawaida kabisa kazini. Ujerumani, ambako kijana anayetoka shule husomea kazi hii kwa miaka mitatu, watu wazima wanaobadili taaluma huandaliwa kwa takribani mwaka mmoja, na mabadiliko ya namna yako yamekuwa njia ya kawaida ya kupata madereva. Darasani kwangu vijana walikuwa wepesi wa kukariri kuliko sisi wakubwa, hilo silifichi, lakini walipofika kwenye zamu za alfajiri wengi wao waliteseka kuliko sisi.

Kuhusu lini uache kazi, jibu langu ni moja: usiandike barua ya kuacha kazi kabla daktari wa reli hajakuandikia kwamba unafaa. Usaili unaweza kuufaulu kwa alama za juu, majaribio ya akili ukayapita yote, halafu macho yakakurudisha nyumbani. Miwani kwa kawaida si tatizo. Tatizo ni kutotofautisha rangi, na watu wengi wenye hali hiyo hawajui kwamba wanayo, kwa sababu maisha ya ofisini hayawalazimishi kutofautisha nyekundu na kijani kwa mbali usiku. Baada ya ajali ya Lagerlunda huko Uswidi mwaka 1875, mtaalamu aitwaye Frithiof Holmgren aliwapima wafanyakazi wa reli kwa kuwapa vifungu vya nyuzi za sufu wazipange kwa rangi, na akawakuta wasioona rangi sawasawa wakiwa kazini. Tangu hapo kipimo cha rangi hakijatoka kwenye reli. Kwa hiyo nenda kwa daktari wa macho kwa hiari yako, hata kabla ya kutuma maombi. Utakuwa umeokoa miezi ya matumaini.

La pili katika afya ni usingizi. Kama mumeo anakuambia kwamba unakoroma sana na pumzi zinakukatika ukiwa umelala, lipeleke hospitali sasa, wala usilione kuwa jambo la aibu. Tarehe 1 Desemba 2013, treni ya abiria iliacha reli kwenye kona ya Spuyten Duyvil, New York, ikiwa na kasi ya kilomita 132 kwa saa mahali palipopaswa kupitwa kwa 48, na watu wanne wakafariki. Wachunguzi walieleza kwamba dereva alikuwa amesinzia, kwamba alikuwa na ugonjwa mkubwa wa kukatika pumzi usingizini ambao haukuwa umegunduliwa, na kwamba siku si nyingi kabla ya hapo alikuwa amehamishiwa zamu za asubuhi na mapema. Ugonjwa huo una tiba, na mwenye kutibiwa anaweza kuendelea kuendesha. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajapimwa.

Jambo la mwisho upande huu ni mkataba. Waajiri wengi hulipia mafunzo, kisha hukufunga kwa kipindi fulani, na ukiondoka mapema unarudisha gharama. Wewe ni mhasibu, sitakufundisha kusoma vifungu vya namna hiyo. Angalia hasa inakuwaje ukifeli mtihani wa mwisho, au ukipoteza sifa za kiafya bila kosa lako.

Mkufunzi_Mstaafu

Nimeona hakuna aliyemjibu mleta uzi swali lake la tatu, nami ndilo lililonivuta kuandika, kwa kuwa nimewafundisha madereva kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

Binti yangu, umesema vyema kwamba udereva wa gari si kigezo. Kwenye gari unaendesha kwa kile unachokiona. Kwenye treni unaendesha kwa kile unachokijua, kwa sababu ukisubiri kuona, umechelewa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo sana. Treni ya abiria inayokwenda kilomita 160 kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama kwa breki ya kawaida, na reli ikiwa na umande au majani yaliyopondwa, umbali huo unaongezeka. Hivyo dereva huanza kufunga breki kwa ajili ya stesheni ambayo bado haionekani. Anapaswa kujua kwamba baada ya daraja fulani kuna mteremko, kwamba ishara ya pili iko upande wa kushoto nyuma ya nguzo, na kwamba mahali fulani mwendo unashuka hadi 60. Huku ndiko kuijua njia, na hakuna dereva anayeruhusiwa kupita peke yake kwenye njia ambayo hajathibitisha kwa saini kwamba anaijua, mchana na usiku.

Nikueleze jinsi ninavyomtambua mwanafunzi atakayefaa, na breki ndiyo inayonionyesha. Bomba la hewa hupita chini ya kila behewa kuanzia kichwa cha treni hadi mwisho, na katika mifumo mingi hujazwa kwa shinikizo la baa 5. Hewa ikijaa, breki zimeachia. Ukiipunguza, breki zinakaza. Ndiyo maana mabehewa yakikatika njiani treni hujifunga yenyewe, utaratibu ambao George Westinghouse aliuleta mwaka 1872 na ambao bado tunautegemea. Sasa mwanafunzi anavuta mkono wa breki kwa mara ya kwanza akiwa na treni ndefu ya mizigo. Mshale wa geji unashuka kidogo chini ya 5, anasikia hewa ikitoka kwa sauti, na treni haimjibu kitu. Behewa la mwisho litapata habari sekunde kadhaa baadaye. Asiye na subira anaongeza breki. Treni inapoanza kuitikia, inaitikia yote kwa pamoja, mabehewa yanagongana, na anasimama mbali kabla ya mahali alipokusudia; akiachia ili asogee, inabidi asubiri bomba lijae upya. Anayefaa huvuta, hutulia, husoma geji, huisikiliza treni chini ya kiti chake, kisha huamua. Nimeona watu wenye shahada wakishindwa hapo, na nimeona mtu aliyekuwa fundi cherehani akifanya vizuri tangu siku ya kwanza.

Upande wa majaribio ya kuingilia, mengi hutafuta kitu hichohicho kwa kalamu na karatasi, ingawa siku hizi mara nyingi ni kompyuta. Jaribio moja maarufu limetokana na kazi ya Mfaransa Benjamin Bourdon: unapewa kurasa zilizojaa mafungu ya nukta, mengine yana nukta tatu, mengine nne, mengine tano, na kazi yako ni kuyaweka alama ya nne peke yake, mstari baada ya mstari, muda ukikimbia. Ni jambo la kuchosha, na limekusudiwa lichoshe. Mtahini anaangalia kama uangalifu wako kwenye ukurasa wa mwisho unalingana na ule wa kwanza. Mhasibu aliyezoea kuzikagua safu za tarakimu bila kuruka hata moja ana haki ya kwenda pale akiwa na matumaini.

Miezi ya mwanzo, hata hivyo, hutagusa treni. Utasoma kanuni: ishara, mawasiliano ya redio ambayo lazima uyarudie neno kwa neno, kulinda treni iliyoharibika, kupita taa iliyozimika, kufanya kazi pamoja na mafundi walio juu ya reli. Watu huona kanuni hizi ni mlima wa karatasi hadi waelezwe zimetoka wapi. Tarehe 6 Julai 2013, treni ya mafuta iliyoachwa kwenye mteremko nchini Canada ilibingirika hadi katikati ya mji wa Lac-Mégantic na watu 47 wakafa; breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, na kichwa cha treni kilipozimwa, hewa iliyokuwa imeishikilia ikavuja taratibu. Sentensi moja ndani ya kitabu cha kanuni, ile isemayo breki ya hewa haitumiki kuegeshea, inabeba uzito huo. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini kanuni imeandikwa hivyo namwona yuko njiani. Yule anayetaka tu kujua kama itatoka kwenye mtihani hunitia wasiwasi.

Nukta_Tatu

Wakuu, mnampoteza dada wa watu. Treni zinaelekea kujiendesha zenyewe. Amekimbia programu kwenye uhasibu ili akaikute kwenye reli? Miaka kumi ijayo mtamshauri nini?

Kichwa_cha_Umeme

Mkuu Nukta, hoja yako ina nusu ya ukweli na naomba tuigawanye vizuri. Treni za mijini zisizo na dereva si habari mpya: Kobe wanazo tangu 1981, Lille tangu 1983, na njia ya 14 ya Paris ilifunguliwa hivyo mwaka 1998. Hata mizigo, kampuni ya Rio Tinto imekuwa ikiendesha treni za chuma ghafi bila dereva ndani yake huko Pilbara, Australia, tangu 2018. Angalia lakini mazingira yao. Za mijini nyingi zimejengwa kwenye njia zilizozungushiwa ukuta au zilizo chini ya ardhi, na ile ya Pilbara ni njia ya kampuni binafsi katika nchi isiyo na watu wengi. Njia kuu ya kawaida ina makutano ya barabara, ng'ombe, mafundi, treni za kampuni tofauti na ishara za vizazi tofauti. Itabadilika, ila haitabadilika kwa miaka kumi. Ningemshauri dada aogope zaidi kuajiriwa kwenye njia fupi ya mjini inayojengwa upya kuliko kwenye njia ndefu yenye treni mchanganyiko.

Mama_Nyumba_Kimya

Dada, mimi si dereva, ni mke wa dereva wa mizigo, na naona hapa wanaume wanakueleza breki huku nyumba yako haijatajwa.

Zamu za reli hazifanani na zamu za viwandani, ambako unajua wiki hii asubuhi na wiki ijayo usiku. Mume wangu anaweza kuanza saa kumi alfajiri leo, kesho saa tano asubuhi, keshokutwa saa nne usiku, na siku nyingine treni inakwama njiani ikabidi alale mbali. Sheria hudhibiti saa za kuendesha na za kupumzika, lakini saa za kupumzika zikiangukia mchana, ndipo watoto wapo, majirani wapo na simu zinalia. Kwetu tuliweka mapazia mazito, na watoto walifundishwa tangu wadogo kwamba mlango ule ukifungwa hakuna anayeugusa. Kinachochosha zaidi ni kwamba mtu anayekwenda kuendesha usiku hana budi kulala mchana hata kama hana usingizi, kwa sababu kwenda kazini ukiwa umechoka ni kosa la kazi, halichukuliwi kuwa bidii.

Kaa na mumeo mpange kwa majina na kwa siku: nani anawaamsha watoto, nani anakwenda shuleni mtoto akiugua, nani anapokea simu ya mwalimu. Kama jibu la kila swali ni wewe, basi mpango haujakamilika. Nawajua madereva wanawake wanaoimudu kazi hii vizuri sana, na karibu wote wana mwenzi au ndugu ambaye ratiba yake haiyumbi. Na katika miezi ya mafunzo, kipato chako huenda kikawa chini ya ulichokizoea. Jaribuni kuishi kwa kiwango hicho kuanzia sasa, mkiwa bado mna mshahara kamili, muone mnapungukiwa wapi.

Hesabu_Zangu

Nawashukuru mno, hasa dada Mama Nyumba Kimya, kwa kuwa jana usiku tulikaa na mume wangu na maswali yako matatu tu yalitumaliza saa nzima. Kwa daktari wa macho nimekwisha kupanga kwenda.

Nina mawili yaliyobaki. La kwanza naliuliza kwa woga: mtu akiingia mbele ya treni, dereva anaishije na jambo hilo? La pili, kwenye usaili wataniuliza kwa nini naacha taaluma niliyoisomea. Nikisema nimechoshwa na kukagua tarakimu, si watasema nitachoshwa na reli pia?

Kichwa_cha_Umeme

La kwanza nakujibu mimi, maana limenipata. Unafunga breki ya dharura, unapiga honi, unatoa taarifa kwa redio ili treni nyingine zisimamishwe, na baada ya hapo hakuna kilicho mikononi mwako. Treni haikwepi. Mwenzako huletwa aichukue treni, wewe unaondolewa kazini siku hiyo, na mwajiri anayejiheshimu anakupa mapumziko na mshauri wa kisaikolojia bila wewe kuomba. Wako wanaorudi baada ya muda mfupi, wako wanaohitaji miezi, na wachache hawarudi kwenye kiti kile tena. Kilichonisaidia ni kwamba wenzangu waliopitia hayo walikuja kukaa nami bila maneno mengi. Kabla ya kusaini mkataba uliza wazi wana utaratibu gani kwa dereva aliyepatwa na tukio la namna hiyo, na kama mshahara unaendelea wakati wa mapumziko. Kampuni inayojikanyaga kwenye swali hilo, iangalie mara mbili.

Mkufunzi_Mstaafu

La pili niachieni mimi, nimekaa upande wa pili wa meza ile mara nyingi.

Usiseme umechoshwa, kwa sababu hofu yako ni ya kweli: sehemu kubwa ya kazi hii ni saa ndefu ambazo hakuna kinachotokea, na kilichowapata wengi ni kuzoea. Mtahini atataka kusikia unavyofanya kazi yenye kujirudia bila kulegea. Mpe mfano halisi kutoka uhasibu: siku uliyoona tofauti ndogo ambayo kila mtu alikuwa tayari kuipitisha, ukasimamisha zoezi, ukamweleza mkubwa wako, ukalaumiwa kwa kuchelewesha hesabu, na bado hukuipitisha. Ndicho tunachokitafuta. Dereva husukumwa na ratiba kila siku, naye anapaswa kuwa mtu anayeweza kusimamisha treni yenye mamia ya abiria wenye hasira kwa sababu hana uhakika na alichokiona.

Nao wakikupa nafasi ya kuuliza, waulize wanavyowafundisha wanafunzi kuhusu ishara zilizowahi kupitwa zikiwa nyekundu kwenye njia zao. Katika ajali ya Ladbroke Grove, London, tarehe 5 Oktoba 1999, ambayo iliua watu 31, dereva aliyepita taa nyekundu alikuwa amehitimu wiki mbili hivi kabla, na taa yenyewe, namba SN109, ilikuwa imepitwa ikiwa nyekundu mara nane katika miaka sita iliyotangulia. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen uliyakosoa mafunzo aliyopewa, pamoja na mahali taa ilipowekwa. Mwajiri mzuri ana orodha ya ishara zenye historia kama hiyo, na humpitisha mwanafunzi kwenye kila moja mchana na usiku, akimtaka ainyooshee kidole na kuitaja kwa sauti, kama wafanyavyo madereva wa Japani. Wakikuonyesha orodha hiyo bila kusita, saini. Wakikuambia kwamba kwao hakuna ishara ya namna hiyo, tafuta kwanza dereva wa kampuni hiyo aliye nje ya zamu umuulize faraghani, kabla hujaaga kwenye kazi uliyonayo.